Mamangu ako na miaka 73, halali, hataki watu. Mwanasaikolojia atamsaidia kweli ama ni uzee tu?

Swali:

"Habari daktari. Mamangu ako na miaka 73. Ameuza mboga Kayole miaka 28, kila siku anaamka saa tisa usiku anaenda Marikiti. Baba alifariki Agosti mwaka wa juzi, tukaona mama asiteseke peke yake, tukafunga kibanda nikamleta kwangu Donholm, orofa ya nne, ako na chumba chake, tivii yake, na msichana wa kazi anamfanyia kila kitu. Miezi ya kwanza alikuwa sawa. Saa hii analala saa mbili usiku, saa tisa ameamka anazunguka nyumba. Analalamika kifua, mgongo, tumbo. Tumepima moyo, ameingizwa kamera ya tumbo, wanasema hakuna kitu. Amekonda. Anasahau, juzi ameunguza sufuria. Kanisa ameacha, chama ameacha. Nikimwuliza shida ni nini anasema 'mimi niko kwa foleni tu, nangoja baba yenu aniite'. Ako na presha na sukari, amemeza dawa miaka mingi. Wa chemisti alinipea Piriton za kumsaidia kulala. Dadangu anasema ni uzee. Pasta anasema ni roho ya mauti, tufunge tuombe. Ndugu yangu anasema mambo ya saikolojia ni ya vijana wa Kilimani, mtu wa darasa la nne anayeongea Kikamba ataambia huyo mtu nini. Nilikuwa nafikiria nimdanganye tunaenda kliniki ya presha halafu nimpeleke. Kwa umri wake itasaidia? Ama anaanza kuchanganyikiwa? Na nilikosea kumtoa kibandani?"

Jibu:

Ndugu yangu, asante kwa kuandika, na zaidi asante kwa kuweka saa. Watu wengi huniambia tu "mama halali", wewe umesema analala saa mbili anaamka saa tisa, na hapo ndio nimekaa sana. Hebu hesabu. Kutoka saa mbili usiku hadi saa tisa ni masaa saba, na mtu wa miaka 73 akilala masaa saba amelala vizuri. Halafu saa tisa ndio ile saa ameamka miaka 28 kwenda Marikiti. Mwili wake bado unamwamsha aende kazi, lakini akiamka anapata hakuna gunia la kufunga, hakuna gari la kukimbilia, hakuna mtu wa kumwita jina kwa giza, na mzee ambaye alikuwa anageuka kitandani akimwambia enda salama hayuko. Ako kwa nyumba ya mtoto wake, anaogopa kuamsha watu, ameketi na mawazo. Shida yake naiona hapo zaidi kuliko kwa usingizi wenyewe, ingawa pia ni kweli kuamka alfajiri mapema bila kurudi usingizini ni dalili moja ya depresheni, kwa hivyo yote mawili yanaweza kuwa yako.

Kabla tuendelee, hilo neno la foleni. Wazee wengi huongea juu ya kifo bila shida, wamezika rafiki zao wote, kwao ni kama kuongea juu ya mvua. Lakini mtu aliyekonda, aliyeacha kanisa, halafu anasema anangoja kuitwa, huyo anaulizwa. Muulize wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kwa lugha yake: "Mama, ukisema unangoja baba akuite, kuna wakati unafikiria kujitoa uhai?" Najua swali hilo linachoma mdomo. Watu huogopa kwamba ukiuliza utampatia wazo ambalo hakuwa nalo, na si kweli, kuuliza hakupandi mbegu, mara nyingi mtu hupumua kwa sababu amepata wa kumwambia. Akisema hapana, anangoja tu siku ya Mungu, sawa, tuna muda wa kupanga mambo. Akisema ndio, ama anyamaze kwa njia ya kukutisha, ama uone ameanza kugawa leso zake na vyombo vyake, ama anaficha tembe badala ya kumeza, ama amekataa kula, usingoje miadi ya wiki ijayo. Usimwache peke yake, weka dawa zote mahali pa kufungwa, funga huo mlango wa balkoni, na umpeleke kasualti ya hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Laini ya Kenya Red Cross ni 1199, ni ya bure, na Befrienders Kenya pia huongea na watu walio kwa hali hiyo. Na usiogope polisi. Kuna sheria ya zamani iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinaenda kinyume na Katiba.

Sasa niseme wazi, siwezi kumpima mtu kwa barua. Lakini vile umeeleza inafanana sana na depresheni ya wazee, ile vitabu huita sonona ama unyogovu, ikiwa imekaa juu ya kilio ambacho hakikuisha. Dadako anasema ni uzee na namwelewa, sote tumelelewa tukiambiwa hivyo. Uzee unaleta magoti, unaleta macho, unapunguza mwendo. Uzee wenyewe haumtoi mtu kwa chama chake. Mzee mwenye afya akipoteza kanisa, chama, hamu ya chakula na kilo kadhaa ndani ya mwaka mmoja, hapo kuna ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa.

Kinachotuchanganya ni kwamba depresheni ya mtu mzima wa umri huo mara nyingi haiji na machozi. Kijana atakwambia niko dauni, nimechoka na maisha. Mama wa miaka 73 atakwambia kifua. Atakwambia mgongo, tumbo linawaka, mwili hauna nguvu, kichwa kinazunguka. Hadanganyi na wala hatafuti kuhurumiwa, manake ubongo unatumia njia zinazokaribiana kushughulikia maumivu na kushughulikia huzuni, kwa hivyo mtu akivunjika ndani, ule mgongo uliokuwa unauma kidogo tangu enzi za magunia unauma mara tatu. Daktari akisema "hakuna kitu" alimaanisha moyo na tumbo haviko na ugonjwa. Maumivu yako. Naomba mtu asimwambie tena mama kwamba hana kitu, kila akisikia hivyo anajifunza kunyamaza.

Kuhusu umri, hio imani kwamba wazee hawafaidiki na tiba ya mazungumzo haikuanzia kwa ndugu yako. Sigmund Freud mwenyewe, yule daktari wa Austria aliyejulikana kwa kutibu watu kwa mazungumzo, kwa hotuba aliyotoa 1904, alisema watu wanaokaribia ama kupita miaka 50 akili zao zimekosa ule wepesi ambao matibabu yake yalitegemea, na yeye wakati huo alikuwa na miaka 48. Wataalamu wengi walibeba neno hilo miaka na miaka bila kulipima. Lilipopimwa halikusimama. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja zinaonyesha tiba ya mazungumzo inawasaidia wazee karibu sawa na watu wa makamo, na Uingereza, kwa huduma yao ya serikali ya tiba ya mazungumzo iliyoanza 2008, watu wa miaka 65 kwenda juu wamekuwa wakipona kwa kiwango cha juu kuliko wale wadogo. Shida yao kule ni kama yetu hapa, kwamba wazee wachache ndio wanaletwa.

Na ndugu yako akisema mama wa darasa la nne hana la kuongea, mwambie juu ya Harare. Kuna daktari wa akili wa Zimbabwe anaitwa Dixon Chibanda ambaye mwaka wa 2006 alianza kufundisha akina nyanya wa mtaani, si madaktari, si wenye digrii, kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiria kupita kiasi. Ilipimwa kisayansi, matokeo yakatoka 2016, na wale waliokaa na akina nyanya walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Sisi pia tuna neno kama hilo. Tunasema "huyu ako na mawazo" na kila mtu anaelewa si mawazo ya kawaida. Kuongea ili mzigo ushuke ni kitu mamako amefanya kibandani miaka 28, wateja wakimwambia ya nyumbani huku anakata sukuma. Shule haihitajiki hapo.

Sasa nikueleze vile naona hii kitu ilijijenga, na nisikilize vizuri kwa sababu sikulaumu. Mama alipoteza bwana. Hio peke yake ni nzito lakini watu wengi hulia, huzunguka, na baada ya muda maisha huwabeba tena. Kinachobeba mtu ni vile vitu vidogo vya kila siku ambavyo vinamlazimu asimame, kujadiliana bei, kudai deni, kuchekeshwa na makanga, kujua leo nyanya zimepanda. Kila kimoja kinampa mtu nguvu kidogo ya kufanya kingine. Nyinyi kwa upendo mliondoa vyote siku moja. Hakufiwa na bwana tu, alifiwa na kazi, na majirani, na jina, manake Kayole alikuwa anajulikana, Donholm orofa ya nne ni mama ya nani sijui. Halafu msichana wa kazi anapika, anafua, anaosha kikombe hata kabla mama hajakiweka chini. Asipofanya kitu, hapati raha yoyote, asipopata raha anakosa nguvu, akikosa nguvu anafanya kidogo zaidi, na kila akipunguza nyinyi mnaona amechoka mnamsaidia zaidi. Ni duara na linajikaza lenyewe. Akili inaanza kumwambia mimi sina kazi tena duniani, nimebaki kungoja. Ndio hio foleni.

Kuhusu kusahau. Depresheni yenyewe inaweza kumfanya mtu asahau, kwa sababu akili iliyojaa mawazo haishiki kitu kipya, sufuria inaungua kwa kuwa hakuwa hapo hata kama alikuwa jikoni. Kuna tofauti ambazo tunaangalia. Mwenye depresheni mara nyingi analalamika mwenyewe kwamba anasahau, na ukimwuliza kitu anasema "sijui" haraka bila kujaribu. Mwenye dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu polepole, mara nyingi hajui kwamba anasahau, familia ndio inaona, na ilianza polepole miaka kadhaa nyuma, anapotea njia anayoijua, anauliza swali moja mara sita. Jaribu kitu rahisi, muulize vile mtu hununua gunia la sukuma Marikiti, anagawanya aje, anapata faida ngapi. Kama anakupigia hesabu vizuri hio ni habari njema, ingawa si kipimo. Na nikuambie ukweli wote, wakati mwingine depresheni inayoanza uzeeni ni mlango wa dimenshia, na mtu anaweza kuwa na zote mbili, kwa hivyo apimwe na arudiwe kupimwa baada ya depresheni kupungua. Chunga pia vipimo vyenyewe. Vingi vilitungwa kwa watu waliosoma, vinauliza mtu achore saa na ataje herufi, mtu wa darasa la nne akipimwa kwa Kiingereza ama Kiswahili cha ofisi atafeli na akili yake iko sawa. Omba apimwe kwa Kikamba.

Kama kuchanganyikiwa kungekuja ghafla, ndani ya siku moja ama mbili, asubuhi ako sawa jioni hajui yuko wapi, anaona vitu, hio ni jambo lingine kabisa, mara nyingi ni maambukizi ya mkojo ama ya mapafu, ama sukari imeshuka, na ni hospitali siku hiyo, hakuna kungoja.

Na kabla ya kuketi na mtu kama mimi kuna damu ya kutoa. Wambie wa kliniki ya sukari wapime dundumio, yaani ile thairoidi, wapime damu kama imepungua, figo, chumvi za mwilini, na vitamini B12. Hio ya mwisho nakazia kwa sababu watu wengi wa sukari humeza metformin, na ikimezwa miaka mingi inaweza kushusha B12, na B12 ikishuka mtu anachoka, anasahau, anakuwa na huzuni. Ingekuwa uchungu kukaa miezi ukiongea na mtu ambaye alihitaji sindano. Angalia pia masikio na macho. Nimeona mzee ambaye familia ilisema amejitenga, hataki kuongea, kumbe hasikii, na alikuwa anaona aibu kuuliza mara ya tatu.

Piriton, naomba uiache. Ni dawa ya mafua na mizio, inalaza kwa sababu inazima kemikali moja kwa ubongo ambayo mtu mzee anaihitaji sana kwa kumbukumbu, kwa hivyo inaweza kuwa ndio inamuongezea kusahau, tena inafunga choo, inakausha mdomo, na inamuangusha usiku akienda msalani. Valium na ndugu zake, zile tembe za kutuliza na kulaza, hivyo hivyo, mtu wa miaka 73 akivunjika nyonga maisha yake yote yanabadilika. Ukitaka usingizi wake usogee, asilale saa mbili, mwache akae na nyinyi hadi saa nne, mchana asisinzie mbele ya tivii, na asubuhi atoke nje kwa jua.

Sasa, tiba yenyewe iko aje? Watu hufikiria kitanda na mtu wa kuandika akitingisha kichwa. Kwa kawaida ni viti viwili, dakika 45 hadi 50 kwa wiki, na mara nyingi tunapanga vikao kama 8 hadi 16. Kwa wazee tunaenda polepole, tunarudia, tunaongea jambo moja kwa kikao, wakati mwingine tunafupisha. Tunaanza na kumjua, alizaliwa wapi, aliolewa aje, alifika Nairobi mwaka gani na kwa gari gani. Kuna daktari wa Marekani, Robert Butler, aliandika 1963 kwamba mzee kurudia maisha yake ya nyuma si dalili ya akili kuisha, ni kazi ya kawaida ambayo akili inafanya ikikaribia mwisho, kupanga hesabu. Kazi yetu ni kumsaidia hio hesabu isibaki ya madeni tu. Halafu tunaanza kurudisha vitu, kimoja kimoja, vidogo sana hadi familia hushangaa. Ashuke chini mara moja kwa siku. Achambue mboga ya jioni mwenyewe. Apigie mwenzake wa chama simu Jumanne. Kwa mtu ambaye hapendi kuandika naweza kumpa kikombe na maharagwe, kila siku ameshuka anaweka moja, na tukikutana tunahesabu pamoja na tunaangalia siku zenye maharagwe zilikuwa aje na zile hazina zilikuwa aje. Yeye mwenyewe ndio ataona. Hatungoji ajisikie vizuri ndio afanye, anafanya ndio baadaye ajisikie, na hapo ndipo watu wengi hukosea wakisema "mwache apumzike kwanza".

Kilio nacho kina kazi yake. Kama mama bado anaishi kama baba alifariki wiki jana, hawezi kugusa nguo zake ama hawezi kutaja jina lake, kuna tiba ya kilio kilichokwama, na tunaenda pole, tunasimulia ile siku, tunaongea na aliyeondoka, tunatafuta vile atamkumbuka bila kumfuata.

Lugha ni muhimu kuliko ofisi nzuri. Tafuta mtu anayeongea Kikamba, wako Nairobi, sema hivyo wakati wa kuuliza miadi. Ukikosa, tumia mkalimani ambaye si wa familia. Usimweke mjukuu kutafsiri, hakuna shosho atasema kilicho moyoni kupitia mtoto wa miaka kumi na nne, na wewe mwenyewe usitafsiri manake kuna mambo yanakuhusu. Na kuna jambo moja ambalo watoto hawapendi kusikia. Vikao ni vyake. Mwenye kulipa ni wewe lakini ripoti si yako, mtaalamu mzuri atakuambia tu kile mama amekubali uambiwe, na hatari kama iko.

Je, itafanya kazi kwa kila mtu? Hapana. Kuna wale wanaopata nafuu kidogo tu, kuna wanaoacha kikao cha pili, na kama depresheni ni kali, mtu hali chakula, haamki, anaongea mambo ya kulaaniwa, mazungumzo peke yake hayatoshi, anahitaji daktari wa akili na dawa. Dawa za depresheni si za wazimu na hazimfanyi mtu kuwa mtumwa. Zinachukua wiki 4 hadi 8 kuonyesha kazi, kwa wazee wakati mwingine zaidi, zinaanzwa kwa kiasi kidogo, na mtu akipona haziachwi mara moja, zinaendelea miezi kadhaa na kupunguzwa na daktari. Uliza mambo mawili. Kwanza, kama ni amitriptyline, ambayo ni ya bei nafuu na hupeanwa sana, uliza kama kuna nyingine, kwa sababu kwa mzee inaleta kuchanganyikiwa na kuanguka, na kwa moyo pia si nzuri. Pili, zile za kisasa zaidi zinaweza kushusha chumvi ya sodiamu kwa damu ya wazee, hasa kama anameza dawa ya presha ya kukojoza, kwa hivyo apimwe damu baada ya wiki chache.

Pasta simkatai. Mama akirudi kanisani ni sehemu ya kupona, na akina mama wa kanisa wakija kumwona na kuimba naye hio ni dawa ambayo mimi sina. Lakini mwenye sukari asifunge chakula huku anameza tembe za kushusha sukari ama anadungwa insulini, anaweza kuzima. Waombe wengine wafunge kwa niaba yake. Na hilo neno "roho ya mauti" lisisemwe mbele yake, mtu mwenye mawazo ya kifo akiambiwa kifo kimemwingia anaamini.

Usimdanganye. Najua unataka kumsaidia, lakini fikiria ameketi mbele ya mtu anayemuuliza juu ya bwanake wakati yeye amekuja kupimwa presha. Atajua umemleta kwa uongo, atajifunga, na hatakuamini tena hata siku ya kupelekwa hospitali ya kweli. Tiba hii inasimama juu ya kuaminiana na akiianza kwa uongo imeisha kabla ya kuanza. Pia ni mtu mzima mwenye akili zake, ruhusa ni yake. Mwambie ukweli kwa maneno yake: "Mama, wamepima moyo na tumbo wakaona ziko sawa, lakini mimi naona unaumia na usiku unazunguka. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuongea na watu waliofiwa na waliobeba mengi. Twende mara moja, mimi nitakaa nje, usipompenda haturudi." Hilo la mwisho ulimaanishe. Kama atakataa, enda wewe peke yako kikao kimoja ama viwili, ujifunze vile ya kukaa naye nyumbani. Mara nyingi mama hufuata baadaye akiona mtoto ametulia.

Mahali pa kuanzia ni ile kliniki ya presha na sukari, kweli, lakini bila uongo, umwambie daktari yote umeniandikia na umwombe barua ya rufaa. Hospitali za Kenyatta na Mathari, ile iko Thika Road, zina wataalamu wa akili, na vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia hapa Nairobi mara nyingine huwa na vikao vya bei ya chini na wanafunzi wa juu wanaosimamiwa. Kwa ofisi za kibinafsi kikao ni elfu kadhaa, kwa hivyo uliza bei kabla, uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, ama bima yako inalipia nini. Na jua tofauti, mshauri nasaha husikiliza na kuongoza, mwanasaikolojia wa kliniki hupima na kutibu kwa mazungumzo, daktari wa akili ndio huandika dawa. Tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, kwa hivyo una haki ya kuuliza mtu amesajiliwa ama la. Halafu muulize ametibu watu wangapi wa zaidi ya miaka 65. Wataalamu wa wazee hapa ni wachache, na akijibu kwa uaminifu kwamba si wengi lakini yuko tayari kujifunza, mimi ningemchukua huyo.

Na kibanda. Hukukosea kumleta karibu, mjane wa miaka 71 peke yake Kayole si jambo la kuacha hivyo. Lakini kumfunga mkono kulimuumiza, na hilo linaweza kurekebishwa. Usimrudishe Marikiti saa tisa usiku na magoti yake, hapana. Muulize yeye angependa nini, na ungoje ajibu hata kama inachukua dakika mbili za kimya. Pengine ni meza ndogo hapo chini kwa geti siku mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi, msichana amshukie na kreti, mama akae akate sukuma na kuhesabu chenji yake mwenyewe. Pengine ni kwenda Kayole Alhamisi akae na yule aliyechukua kibanda chake, amwonyeshe kununua, warudi kwa chama pamoja. Atakwambia hawezi. Mwambie ajaribu wiki mbili, na ile pesa itakayopatikana, hata iwe mia mbili, usiiguse.